Mwani katika Bwawa la Samaki: Asili Yake na Njia ya Kuushinda

Leo twapenda kunena habari za mwani, yaani ule ujani wa majini ambao mara huonekana kama nyuzi ndefu zenye utelezi, na mara kama utando juu ya maji, ambao wengine huuita ukoga. Watu wengi wanaofuga samaki katika nyanda za juu za kusini wameujua kwa uchungu. Mtu huuopoa leo, na baada ya majuma mawili huuona umerudi, tena mwingi kuliko wa kwanza. Hatimaye huchoka, akaliacha bwawa lake liwe makao ya vyura. Nia yetu ni kueleza kwa nini mwani hurudi, na kwa nini mtu apiganaye nao kwa nguvu peke yake hushindwa, na pengine hupoteza samaki wake wote katika usiku mmoja.

Na tuchukue Igawa kuwa mfano wetu. Igawa iko kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, pale barabara hiyo ivukapo Mto Mbarali. Maji ya mto huu hutoka katika milima ya Kipengere, hushuka katika uwanda wa Usangu, na huko hugawanywa kwa mifereji ili yanyweshe mashamba ya mpunga. Mahali hapa hapafanani na Njombe wala Makete, ambako baridi huchelewesha kukua kwa samaki. Uwandani jua ni kali, maji hupata moto, na perege hustawi hasa katika maji ya joto la digrii 25 hadi 30. Basi ni mahali pazuri pa kuchimba bwawa. Walakini jua lile lile linalomkuza perege huukuza na mwani. Na mfereji ule ule uletao maji huweza kuleta pamoja nayo mbolea iliyosombwa mashambani. Kwa hiyo mfugaji wa uwandani yampasa kuujua mwani kuliko mwenzake wa milimani.

Jambo la kwanza ni kufahamu ya kuwa si kila ujani ni adui. Mna aina tatu, na dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Aina ya kwanza ni vijimea vidogo mno, visivyoonekana kwa macho kimoja kimoja, vinavyoelea na kuyapa maji rangi ya kijani. Hivi ni rafiki. Perege huvila, na wadudu wadogo ambao ni chakula cha samaki wachanga huvila pia. Bwawa lisilo na ujani huu ni kama malisho yasiyo na majani.

Aina ya pili ni nyuzi. Hizi huanza kuota chini, penye kina kifupi, ambapo jua hufika mpaka kwenye tope. Mchana hutoa vipovu vya hewa, na vipovu hivyo huziinua hadi juu, zikawa kama mkeka uliotandikwa majini. Nyuzi hizi huwanasa vifaranga, huzuia wavu wakati wa kuvua, na hula chakula ambacho vile vijimea vizuri vingekitumia.

Aina ya tatu ni utando wa kijani kilichochanganyika na buluu, unaofanana na rangi iliyomwagwa juu ya maji, nao mara nyingi una harufu mbaya. Wataalamu hueleza ya kuwa huu si mmea hasa, bali ni jamii ya bakteria, na baadhi yao hutoa sumu. Mwenye kuuona katika bwawa lake asiwaruhusu watoto kuoga humo, wala ng'ombe na mbuzi kunywa, wala mbwa.

Sasa tuulize: mwani hurudi kwa nini? Jibu ni moja, nalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Mwani hurudi kwa sababu chakula chake kimebaki majini. Kama mmea wowote, wahitaji mwanga, maji, na vyakula viwili hasa, navyo ni naitrojeni na fosforasi. Vitu hivi viwili ndivyo vilivyomo katika samadi, katika mbolea za dukani kama urea na DAP, katika pumba zisizoliwa, na katika mavi ya samaki wenyewe. Mtu aopoaye nyuzi na kuacha mambo hayo kama yalivyo ni sawa na mtu anayekata majani shambani huku akiyatilia mbolea.

Tutoe hesabu ndogo. Bwawa la mita 10 kwa mita 20 lina eneo la mita 200 za mraba. Mfugaji akiweka samaki wawili kwa kila mita ya mraba, atakuwa na samaki 400. Wakifikia uzito wa gramu 100 kila mmoja, wote pamoja ni kilo 40. Chakula chao cha siku moja ni kama sehemu 3 katika kila sehemu 100 za uzito wao, yaani kilo 1 na gramu 200. Sasa mtu akichota debe zima la pumba akalimwaga bwawani kwa ukarimu, ametoa chakula cha siku kadhaa kwa mlo mmoja. Samaki hawawezi kukila chote. Kinachobaki huzama, huoza, na kuwa chakula cha mwani. Haba na haba hujaza kibaba. Na mabaki ya kila siku, yakikusanyika miezi mitatu, hulijaza bwawa ujani.

Kabla ya kutaja njia za kuuondoa, hapana budi tueleze hatari iliyofichika, maana wengi wamefilisika kwa kutoijua. Mchana, kwa nguvu ya jua, mwani hutoa oksijeni, yaani ile hewa ambayo samaki huivuta majini. Lakini usiku, jua likisha kuchwa, mwani hautoi tena oksijeni, bali nao huivuta kama samaki wavutavyo. Basi katika bwawa lenye mwani kupita kiasi, hewa huwa nyingi saa tisa alasiri, nayo hupungua usiku kucha, ikawa haba kabisa saa kumi na moja alfajiri. Mfugaji akipita mchana huwaona samaki wazima, na kesho yake huwakuta wakielea. Pengine hudhani ni uchawi au sumu ya jirani, na ugomvi huzuka kijijini. Kumbe ni kukosa hewa.

Tena mwani ukifa wote kwa pamoja, hatari huzidi, kwa kuwa vitu vinavyooza hula oksijeni nyingi sana. Kwa hiyo wafaa kuondolewa kwa hatua, wala si kwa kishindo. Hatua zenyewe ni hizi.

Kwanza, acha kutia mbolea, na punguza chakula kuwa nusu, au usiwalishe kabisa kwa siku chache ikiwa samaki huonekana wakihema juu ya maji asubuhi. Perege hafi kwa njaa ya siku chache.

Pili, opoa nyuzi kwa reki au kwa mti mrefu wenye panda. Fanya kazi hii kuanzia saa nne asubuhi, hewa ikisha kuongezeka majini. Usiopoe zote siku moja. Ondoa theluthi moja, pumzika siku mbili, kisha ondoa theluthi nyingine. Na ulichoopoa usikirundike ukingoni, maana mvua itakirudisha kilikotoka. Kichukue mbali, ukifanye mboji ya migomba au ya bustani ya mboga.

Tatu, tazama maji yaingiayo. Ikiwa mfereji wako hupokea maji yaliyokwisha kupita katika majaruba ya mpunga, usiyafungulie bwawani siku zile ambazo majirani wametia mbolea. Ni bora zaidi kuchukua maji juu ya mashamba. Kama haiwezekani, chimba kishimo kidogo mbele ya bwawa, maji yatulie humo na kuacha tope lake kabla ya kuingia. Panda majani katika kingo, na ng'ombe wazuiwe wasishuke bwawani.

Nne, rekebisha kina. Kingo zenye maji ya kufika kifundo cha mguu ndizo kitalu cha nyuzi. Bwawa jema lina kina cha sentimita 80 hivi upande wa maji mafupi, na sentimita 120 au zaidi upande wa mlango wa kutolea maji.

Tano, lisha mahali pamoja, ndani ya duara la mianzi inayoelea, ili uweze kuona kilicholiwa na kilichobaki. Chakula kisichoisha kwa muda wa nusu saa kilikuwa kingi, kesho punguza. Na samadi usiitawanye, bali iweke katika tundu la fito penye pembe ya bwawa, ili uweze kuiondoa ukiona maji yamezidi kuwa ya kijani.

Sita, baada ya kuvua samaki wote, toa maji yote, liache bwawa likauke mpaka tope lipasuke, kwa majuma mawili hivi. Ondoa tope jeusi la juu na ulipeleke shambani, kwa kuwa ndilo ghala la mbolea ya mwani wa mwaka ujao. Kisha tia chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, ndipo ujaze maji tena.

Na kipimo cha kujua hali ya bwawa kila juma hakihitaji chombo cha kununua. Chagua mahali pasipotibuliwa tope, nyosha mkono, na uutumbukize polepole, kiganja kikielekea juu. Kiganja kikipotea machoni mara tu baada ya kifundo kuzama, ujani umezidi. Kikipotea maji yanapokaribia kiwiko, mambo ni mema. Kikionekana wazi hata baada ya kiwiko kuzama, maji yamekuwa maangavu mno. Jua lafika chini, na nyuzi zitapata nafasi ya kuota. Hapo, ikiwa hamna nyuzi bado, tia samadi kidogo ili vijimea vizuri viongezeke na kutia kivuli. Lakini nyuzi zikiwapo tayari usitie chochote mpaka umeziopoa, maana utakuwa umezilisha wao.

Wengine huuliza habari za mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu. Ni kweli ya kuwa huua mwani. Lakini katika maji yasiyo na chokaa ya kutosha, kiasi kinachoua mwani kinakaribiana sana na kiasi kinachoua samaki. Tena shaba haiozi, bali hubaki katika tope. Na hata ikifanikiwa, mwani uliokufa huoza majini, na chakula chake hubaki pale pale kikingoja mwani mpya. Ushauri wetu ni kuuacha, isipokuwa afisa wa uvuvi amepima maji na kusimamia kazi mwenyewe.

Kanuni hii ya kutafuta asili si ya Igawa peke yake. Katika nchi za mbali wako watu wanaofuga matumbawe na samaki wa bahari ndani ya masanduku ya vioo yenye maji ya chumvi, nao husumbuliwa na mwani kama sisi. Wenye ujuzi kati yao hupunguza chakula, hubadili sehemu ya maji, na huweka konokono walao mwani; na shaba huiogopa, kwa sababu huua matumbawe na konokono pia. Katika pwani yetu nako, pono, tasi na kangaja hula mwani juu ya miamba siku zote. Joto la bahari la mwaka 1998 lilipoua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, mwani uliyafunika yale yaliyokufa. Na penye samaki hao wachache, ni vigumu matumbawe mapya kupata nafasi. Maji ni mbalimbali, lakini sheria ni moja: mwani hutawala chakula chake kizidipo, au walaji wake wapunguapo.

Limebaki neno la mwisho, nalo lahusu majirani. Mtu aweza kusema, "Mimi nitafungulia maji mengi ya mto, yasombe uchafu wote." Njia hiyo humwondolea mmoja taabu na kuwapelekea wengine. Mto Mbarali huingia katika Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu hupita Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukaenda Bwawa la Mtera. Tangu mwaka 1993 mto huo ulianza kukatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi, ambapo zamani ulitiririka mwaka mzima. Basi kila debe la maji lina mwenyewe huko chini. Maji ya bwawa yaliyojaa mbolea yafaa kumwagwa bustanini, ambako ujani ni faida, wala si mtoni, ambako huwa taabu ya mwingine.

Kwa kifupi, aulizaye, "Nitauondoaje mwani?" na aulize kwanza, "Ninaulisha kwa nini?" Akipata jibu la swali hili la pili, reki yake itapumzika, na samaki wake watamwona asubuhi wakiwa hai.