MALISHO YALIYOCHOKA: PANDENI MCHANGANYIKO, SI AINA MOJA



Wengi wenu hapa Nakivale wenye ng'ombe na mbuzi mnauliza: tununue mbegu gani ili malisho yaliyochakaa yapone? Kabla ya kutoa fedha, nendeni kwanza mkaangalie eneo lenu lina nini. Mkikuta mafungu marefu ya majani yanayonukia kama mchaichai, yale ambayo wenyeji Wanyankole huyaita omutete, hapo ndipo penye tatizo. Ng'ombe huyakwepa yakishakomaa, hula majani mazuri yaliyo kando yake. Hivyo kila mwaka mabaya hutoa mbegu na kuenea, na mazuri huliwa hadi chini. Mkimwaga mbegu mpya juu yake mmetupa fedha.

Msiyachome moto. Moto huondoa sehemu ya juu tu, kisha huchipua tena. Tumieni jembe wakati wa kiangazi: ng'oeni fungu zima, kung'uteni udongo, liacheni juani mizizi ikiwa juu. Ni kazi ngumu, kwa hiyo anzeni na kipande cha mita 50 kwa 50. Wala msilime eneo lote. Palipo na majani mazuri, hata yakiwa mafupi, pumzisheni tu. Mtashangaa ni mengi kiasi gani yatakayorudi yenyewe. Mbegu ni za sehemu zilizobaki wazi.

Kwa nini mchanganyiko? Kwa sababu hakuna jani moja linaloweza kazi zote. Majani ya Rhodes hutambaa na kufunika udongo upesi, na ng'ombe huyapenda. Majani ya ginia huvumilia kivuli, kwa hiyo hufaa chini ya migunga. Siratro ni mmea wa jamii ya kunde: hutambaa katikati ya majani, mizizi yake huingiza naitrojeni ardhini bila mbolea ya dukani, na hustahimili ukame. Kwa kipande hicho cha mita 50 kwa 50 kinatosha kilo 1 na nusu ya Rhodes, nusu kilo ya ginia na kilo 1 ya Siratro. Mkikosa fedha ya zote tatu, acheni ginia; msiache mmea wa kunde.

Ninyi mliotoka Masisi au milima ya Minembwe mnakumbuka majani ya kikuyu. Ni mazuri, lakini hupenda baridi na mvua nyingi za milimani. Hapa Isingiro ni chini na ni pakavu zaidi, msihangaike kuyatafuta. Na mabingobingo? Hayo ni ya kukata na kumpelekea mnyama bandani. Yapandeni ukingoni mwa shamba, si ndani ya malisho.

Chunguzeni mbegu kabla ya kulipa. Mbegu ya Rhodes ni nyepesi kama manyoya, na gunia laweza kujaa makapi matupu. Isugueni kiganjani muone kama kuna punje ndani. Kisha hesabuni mbegu 100, zifungeni katika kitambaa chenye unyevu, mzitazame kwa wiki 2. Zikiota chini ya 30, tumieni mbegu mara mbili au mrudishieni muuzaji. Lakini mbegu iliyovunwa juzi tu huota vibaya hata ikiwa nzima. Ihifadhini mahali pakavu miezi michache. Ya Siratro ina ganda gumu: isugueni kidogo kwa mchanga mkavu kabla ya kupanda.

Pandeni mvua zikianza, Machi au Septemba. Changanyeni mbegu na mchanga mkavu ili upepo usizichukue, mwageni, kisha burureni tawi lenye majani juu yake. Mbegu ndogo ikifukiwa zaidi ya sentimita 2 haitoki.

Sasa jambo linaloleta ugomvi. Eneo lililopandwa lazima lifungwe kwa miiba, na huenda jirani, mkimbizi au mwenyeji, amezoea kupitisha ng'ombe wake hapo kwenda majini. Zungumzeni naye kabla ya kukata mwiba wa kwanza, pata kibali cha ofisi ya makazi, na acheni njia. Uzio uliowekwa usiku hubomolewa usiku.

Msimu wa kwanza msiingize mnyama hata mmoja. Miezi 4 au zaidi ikipita, shikeni fungu la majani kwa mkono mvute kwa nguvu kama ng'ombe avutavyo. Likikatika juu, waingizeni kwa siku chache kisha muwatoe. Likitoka na mizizi, fungeni tena mlango wa miiba, msubiri.