Ofisi Inahama? Hesabu Nauli ya Wafanyakazi Kabla ya Kuhesabu Viti

Biashara nyingi zinapohama, maandalizi huanza na vitu: meza ni ngapi, lori la ukubwa gani, fundi wa intaneti anakuja lini. Wafanyakazi huambiwa mwisho, pengine wiki mbili kabla, kwenye grupu ya WhatsApp: "Kuanzia tarehe moja tutakuwa ofisi mpya. Karibuni nyote." Watu wanajibu kwa vidole gumba na mambo yanaonekana sawa.

Halafu mwezi wa kwanza unaisha na bosi anashangaa. Wawili wanachelewa kila siku, mmoja ameomba advansi mara mbili, na yule karani mzuri wa mauzo ameacha kazi bila kueleza sana.

Sisi kazi yetu ni malipo ya simu, si kuhamisha ofisi. Lakini pesa ndizo huonyesha tatizo hili mapema kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana tunasema: ukihamisha ofisi unabadilisha mshahara wa mfanyakazi, hata kama hujagusa orodha ya mishahara. Anayetumia nauli zaidi amepunguziwa pesa. Anayetumia nauli kidogo ameongezwa. Hujawaandikia barua, lakini mifuko yao inajua.

Hebu tupige hesabu pamoja

Tuseme una biashara ya watu 12 katikati ya jiji la Nairobi. Kodi ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Umepata nafasi kubwa zaidi Syokimau kwa shilingi 60,000. Unaokoa 30,000 kila mwezi, na stoo utakuwa nayo. Mpango mzuri.

Sasa mwangalie dada wa mapokezi anayekaa Githurai. Tuseme leo analipa shilingi 80 kuja tao na 80 kurudi, yaani 160 kwa siku. Ofisi ikienda Syokimau ataongeza gari la pili, tuseme 100 kwenda na 100 kurudi. Jumla inakuwa 360. Nyongeza ni shilingi 200 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni shilingi 4,400 kwa mwezi, na hapo hatujahesabu siku ya mvua, ambayo nauli hupanda bila kuuliza mtu.

Kama wafanyakazi 7 kati ya wale 12 wana nyongeza kama yake, wote pamoja wanatoa shilingi 30,800 kila mwezi. Linganisha na ile 30,000 unayookoa kwa kodi. Biashara haijaokoa chochote. Gharama imetoka kwako ikaenda kwa watu 7, na kila mmoja anaibeba kimya kimya.

Hatusemi usihame. Pengine hiyo stoo ndiyo itakayokuza biashara, na wale wanaokaa Athi River au Kitengela watafurahi. Tunachosema ni kwamba hesabu hii ifanywe kabla ya kusaini mkataba wa nyumba mpya, na ifanywe mbele ya wanaohusika.

Miezi miwili kabla: waambie, halafu waulize

Kwa nini miezi miwili? Kwa sababu mfanyakazi naye ana mambo yake ya kupanga. Anayetaka kuhamia karibu na ofisi mpya itabidi ampe mwenye nyumba wake notisi na atafute pesa za dipoziti. Mwenye mtoto shuleni hawezi kumtoa katikati ya muhula. Ukiweza, panga kuhama wakati wa likizo ya Aprili, Agosti au mwisho wa mwaka.

Kaeni kikao, msitumiane ujumbe tu. Eleza kwa nini mnahama, mnahamia wapi na lini. Kisha kila mtu ajibu maswali haya kwenye karatasi:

- Unatoka wapi asubuhi, na unapanda magari mangapi?
- Leo unatumia nauli kiasi gani kwa siku?
- Ukienda ofisi mpya utatumia kiasi gani, na utatoka nyumbani saa ngapi?
- Kuna jambo lingine litakalokusumbua, kama mtoto wa kuchukuliwa shuleni au usalama wa stejini usiku?

Swali la mwisho usiliruke. Mama anayemwacha mtoto kwa jirani saa kumi na mbili asubuhi hawezi tu kuambiwa sasa atoke saa kumi na moja. Pengine tatizo lake si pesa. Akiruhusiwa kuingia saa tatu na kutoka jioni zaidi, shida imeisha.

Ukumbuke pia sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inataja mahali pa kazi kati ya mambo yanayopaswa kuandikwa katika maelezo ya ajira. Yakibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi, kurekebisha mkataba na kumjulisha kwa maandishi. Tangazo la grupu halitoshi. Andika barua fupi kwa kila mtu, asome, mzungumze, asaini.

Wiki nne kabla: safari ya majaribio

Nauli za kukisia huleta ugomvi baadaye. Njia nzuri ya kujua ukweli ni kumwomba kila mfanyakazi aende ofisi mpya asubuhi moja ya siku ya kazi. Jumanne saa kumi na mbili na nusu, si Jumapili mchana barabara ikiwa tupu.

Mtumie kila mmoja nauli ya siku hiyo kwenye simu. Na tafadhali, tuma na ya kutoa. Ukimtumia mtu 360 kamili na kondakta anataka pesa taslimu, ada ya kutoa itakula sehemu ya nauli. Anayepanda gari linalopokea malipo ya simu alipe moja kwa moja, hapo ujumbe wa malipo unabaki kama risiti. Jioni kila mtu aseme alitumia shilingi ngapi na dakika ngapi.

Safari hii pia hufungua macho kuhusu njia. Mtu wa Githurai si lazima apite katikati ya jiji: Outering Road inaunganisha Thika Road na upande wa Mombasa Road. Wa Ruiru ana Eastern Bypass. Na kwa Syokimau kuna treni ya abiria kutoka stesheni kuu ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2012. Kama ratiba yake inaingiana na saa zenu za kazi, baadhi ya watu watapata nafuu. Mfanyakazi mmoja akigundua njia nzuri, na wenzake watanufaika.

Ukishajua nyongeza halisi, chagua njia ya kusaidia

Zipo njia kadhaa, na unaweza kuzichanganya.

Posho ya mpito. Tenga sehemu ya kile unachookoa. Katika mfano wetu, nusu ya 30,000 ni 15,000. Ukiigawa kwa wale 7, kila mmoja anapata kama 2,140 kwa mwezi. Haifiki 4,400, lakini kwa miezi mitatu ya kwanza inampa mtu nafasi ya kupumua na kupanga. Sema wazi tangu mwanzo itakwisha lini. Posho inayokatwa ghafla huumiza kuliko ile ambayo haikutolewa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Posho ya usafiri inayolipwa kwa pesa kila mwezi pamoja na mshahara ni mapato. Hukatwa PAYE, na huingia kwenye hesabu ya SHIF ya asilimia 2.75 na ya makato ya nyumba ya asilimia 1.5. Kwa hiyo ukimwambia mtu "nakuongezea 2,140", mwambie pia atakachoona kwenye simu baada ya makato. Akishangaa kwenye payslip, imani imepungua.

Gari la pamoja. Kama watu watano wanatoka upande mmoja, kukodi matatu moja asubuhi na jioni kunaweza kuwa bei nafuu kuliko posho tano. Lipa kila wiki kwa till au paybill ya sacco husika, si kwa mkono wa dereva.

Saa za kazi. Hii haigharimu kitu. Anayeingia kabla au baada ya msongamano mara nyingi hulipa nauli ya chini na kufika akiwa hajachoka.

Siku za nyumbani. Mhasibu anayeweza kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki anaokoa nauli ya siku nane hivi kwa mwezi. Mhudumu wa kaunta hawezi, kwa hiyo yeye ndiye afikiriwe kwanza kwenye posho.

Wiki ya kuhama: nambari haihami

Wiki hii ndiyo matapeli huipenda. Watu wana haraka, simu zinalia ovyo, na kila mtu anategemea kulipa mtu asiyemjua. Waandae wafanyakazi kwa mambo haya.

Kwanza, nambari ya till au paybill ni ya biashara, si ya jengo. Kubadilisha mtaa hakukulazimishi kubadilisha nambari. Waambie wafanyakazi na wateja sentensi moja: "Tumehama ofisi, hatujahama nambari." Mteja akipata ujumbe unaosema tumehama, sasa lipa kwa nambari hii mpya, ajue ni wizi. Na kila anayelipa aangalie jina la biashara linaloonekana kwenye simu kabla ya kuthibitisha.

Pili, watapeliwa kwa jina lako. Mfanyakazi atapata ujumbe: "Ni mimi bosi, simu imezima, mtumie mwenye lori 8,000 haraka." Wekeni sheria kwamba hakuna malipo yanayotoka kwa ujumbe peke yake. Anayeagizwa anapiga simu kwa nambari anayoijua na kusikia sauti. Asiyempata bosi asilipe, na asigombezwe kwa kuchelewesha. Sheria hii itafanya kazi tu kama wewe mwenyewe utaiheshimu.

Tatu, simu ya biashara isipakiwe kwenye boksi. Ikae kwenye mkoba wa mtu mmoja anayejulikana, ikiwa na chaji, na PIN isipewe kibarua wala fundi hata kama "anasaidia tu".

Nne, lori na wabebaji. Elewaneni bei yote kabla: je, wabebaji wamo? Kupanda ngazi kumo? Lipa kiasi mwanzoni na kinachobaki mzigo ukishashuka na kuhesabiwa. Lipa kwa simu ili kila shilingi iwe na ujumbe wake. Jioni mhasibu ataweza kulinganisha malipo na taarifa ya akaunti badala ya kukisia.

Tano, tokeni za stima. Nambari ya mita hubaki na jengo. Kama uliihifadhi kwenye simu, ifute na uweke ya ofisi mpya. La sivyo, siku taa zitakapozima utamnunulia stima mpangaji aliyechukua nafasi yenu ya zamani.

Na karatasi? Syokimau iko Kaunti ya Machakos. Ukitoka Nairobi unabadilisha kaunti, na leseni ya biashara ya Nairobi haikufuati huko. Fuatilia leseni mpya mapema, sajili mahali papya pa kazi kwa ofisi ya usalama na afya kazini, na usahihishe anwani kwenye iTax. Mfanyakazi mmoja apewe orodha hii iwe kazi yake, si ya "tutaona".

Mwezi mmoja baadaye: rudini mezani

Wekeni tarehe ya kikao cha pili kabla hata ya kuhama, iandikwe kwenye barua. Siku hiyo kila mtu aje na nauli zake za mwezi. Aliyelipa kwa simu atazipata kwenye taarifa ya akaunti yake. Kama mlikisia 200 kwa siku na ukweli ni 260, mtajua. Kama yule dada wa Githurai amepata njia ya 120, mtajua pia, na pengine posho yake iende kwa mwenzake anayeumia zaidi.

Mfanyakazi hatakumbuka viti vilifika saa ngapi. Atakumbuka kama aliulizwa anatoka wapi. Kwa hiyo kabla ya kumpigia mwenye lori, chukua karatasi leo, andika majina ya watu wako wote, na mbele ya kila jina weka nambari mbili: nauli ya sasa na nauli ya kule mnakoenda. Kama hujui hata moja, umeshajua pa kuanzia.