Nani Atakubeba Marekani?

Kama umesoma chuo kikuu hapa Bongo, huhitaji kuelezwa maana ya kubebana. Mwenzako kapata kitanda hosteli, wewe umekosa, basi mnalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, mpaka mwaka unakwisha. Mimi mwaka wa kwanza nilibebwa. Mwaka wa pili nikambeba mwingine. Tulibanana kweli, lakini sikumbuki hata usiku mmoja niliolala nikiwaza kwamba kesho nitakosa pa kuweka ubavu.

Wasiwasi huo nilikuja kuuonja Marekani, Desemba 2013. Viza nilikuwa nayo, ada ilikuwa imelipwa, na funguo ya chumba ilikuwa mkononi mwangu.

Nilikwenda huko mwezi Agosti kuchukua shahada ya uzamili ya mawasiliano, kwenye chuo kikuu kikubwa katikati ya nchi, katika mji ambao ukiondoa chuo unabaki na mashamba ya mahindi. Nyumbani nilimwacha mchumba wangu. Mpango wetu ulikuwa rahisi: nimalize muhula wa kwanza, nirudi likizo tufunge ndoa, kisha tuondoke wote. Mtaa mzima ulishajua. Kitu ambacho hatukuwa tumekiuliza, si mimi wala yeye wala wazazi, ni tutaishi wapi na huko ndani tutaishi vipi.

Chumba cha watu wawili

Nyumba za wanafunzi wa uzamili zilikuwa zimejaa, nikapangiwa bweni la wanafunzi wa shahada ya kwanza. Rumeti wangu alikuwa binti wa Kimarekani mwenye miaka 20. Wiki ya kwanza tu, mwanafunzi mwenzetu aliyepewa kazi ya kusimamia ghorofa yetu alituletea fomu. Saa ngapi taa zizimwe? Wageni walale siku ngapi? Vitu gani tutatumia pamoja, na vipi ni vya mtu binafsi? Mwisho tuweke sahihi. Nilicheka moyoni. Sisi tuliolala kitanda kimoja hatukuwahi kuandikishana mkataba!

Kicheko kiliisha siku nilipochota sukari yake kijiko kimoja. Jioni nikakuta kikaratasi kwenye friji: tafadhali, sukari ni yangu. Nilijisikia kama mwizi. Nikampigia mchumba simu nikilia kwamba nakaa na mtu mwenye roho mbaya. Mwezi uliofuata bwana wake alianza kulala chumbani kwetu, siku ya tatu mfululizo. Nami nikabandika kikaratasi changu. Jamani, aliniomba radhi hapohapo, na yule kijana hakulala tena. Hakununa, hakunisema kwa watu. Ndipo nikaelewa kwamba kile kikaratasi cha sukari hakikuwa ugomvi. Kwao jambo likisemwa limekwisha. Sisi tunaosubiri mtu ajiongeze mwenyewe ndio tunaoumia, na nadhani hata kwenye ndoa zetu ni hivyohivyo.

Dagaa nao walinitia adabu. Usiku mmoja wa Novemba niliwakaanga kwenye jiko la pamoja, moshi ukapanda, king'ora kikalia, na bweni zima likatoka nje kwenye baridi kali, wengine na taulo vichwani. Kuanzia siku hiyo nilijulikana.

Lakini kujulikana si kuzoeana. Kule mtu anakuuliza u mzima huku anakupita, na hangoji jibu. Mtu aliyezoea kuulizwa habari za asubuhi, za nyumbani na za watoto wa jirani anaweza kumaliza siku tatu akihisi hajaongea na mtu. Halikuanza jana hilo. Mwaka 1909, jijini New York, Harry Edmonds alimsalimia kijana wa Kichina aliyekuwa akisoma chuo kikuu cha Columbia. Yule kijana akamwambia kwamba ana wiki tatu mjini na yeye ndiye mtu wa kwanza kumsemesha. Edmonds hakulala na maneno hayo. Kwa msaada wa fedha za John D. Rockefeller Mdogo, mwaka 1924 ikafunguliwa International House, nyumba ambamo wanafunzi wa kigeni na wa Kimarekani wanakaa pamoja. Nyingine zikafuata Berkeley mwaka 1930 na Chicago mwaka 1932. Alielewa kwamba upweke wa mgeni unaanzia pale anapolala.

Tangazo la Desemba

Sasa kimbembe. Mwishoni mwa Novemba nauli ya kurudi nyumbani ilikuwa imepanda kupita akiba yangu. Harusi tukaisogeza hadi likizo ndefu. Sikuhuzunika sana; nilijiambia nitajifungia chumbani nisome. Nikamwuliza rumeti atarudi lini kutoka kwao. Akanitazama kwa mshangao. Kwani sikujua? Bweni linafungwa likizo ya Krismasi. Wote tunatoka, hadi Januari.

Tangazo lilikuwa limetumwa kwa barua pepe tangu Oktoba, katikati ya matangazo mengine ya michezo na chanjo ambayo nilikuwa nafuta bila kusoma. Lilikuwepo bweni moja linalobaki wazi, kwa malipo ya ziada na kwa kuomba mapema. Siku ya mwisho ya kuomba ilikuwa imepita kwa juma moja. Kosa langu, sikatai. Lakini fikiria, mtu umelipia chumba, unakipenda, na unaambiwa tarehe fulani saa sita mchana ukabidhi. Hoteli siiwezi. Kubebwa na mtu wa bweni jingine haiwezekani, maana nalo linafungwa. Kupanga nyumba mtaani ndiyo kabisa: wanataka mkataba wa mwaka mzima, fedha ya dhamana, na historia ya mikopo inayoonyesha kwamba unalipa madeni vizuri. Mimi Marekani sikuwahi hata kukopa, na kule asiyewahi kukopa haaminiki!

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Mombasa niliyekutana naye duka la vyakula, tukatambuana kwa unga wa chapati. Mume wake alikuwa anasoma shahada ya uzamivu, na walikaa nyumba za chuo za wenye familia: chumba kimoja, sebule na jiko. Shemeji akajaza fomu ya mgeni, nikahamia kwenye kochi lao. Walinibeba siku 22.

Mgeni wa mume wake

Mchana shemeji alikwenda maabara, tukabaki wanawake wawili na theluji dirishani. Dada yule alikuwa ofisa wa benki kwao. Alikuja kwa viza ya F-2, ya mwenzi wa mwanafunzi, ambayo haimruhusu kufanya kazi yoyote ya malipo. Mkataba wa nyumba ulikuwa na jina la mume. Akaunti ya benki, jina la mume. Gari hawakuwa nalo, na basi lilipita kila baada ya saa nzima.

Siku moja tukichambua maharage alisema, "Mdogo wangu, huku mimi ni mgeni wa mume wangu." Hakulia wala nini, aliendelea kuchambua. Lakini usiku, nikiwa kwenye kochi na ukuta mwembamba, niliwasikia. Hawakupiga kelele. Alikuwa anamwomba mumewe fedha ya kununua mafuta ya nywele, na mumewe, ambaye ni mtu mwema kabisa, akamwuliza bei. Nilijifunika blanketi kichwani. Nilimwona mchumba wangu, mwanamume mwenye ofisi na pikipiki yake Dar, akiniuliza mimi fedha ya kunyolea.

Januari bweni lilipofunguliwa nilishuka chumba cha kufulia nguo, mahali pekee ambapo ningeongea bila rumeti kusikia. Kwangu ilikuwa saa tatu usiku, kwake saa kumi na mbili asubuhi. Nikamwambia usije. Maliza mambo yako, nimalize yangu, tuoane nikirudi. Alidhani nimepata mtu. Alininunia wiki mbili, na sitakuambia nililala vizuri. Siku aliyopiga aliuliza swali moja tu: kwenye hiyo nyumba, jina langu lingeandikwa wapi? Nikamjibu kweli, lisingeandikwa popote. Tukaelewana.

Sisemi wanandoa wasiende pamoja. Dada wa Mombasa aliomba chuo mwenyewe, akakubaliwa, akabadilisha viza kuwa ya F-1, na nyumba ile ikapata wanafunzi wawili. Ninachosema ni kwamba waliyajua masharti wakiwa tayari ndani. Sisi tuliyajua tukiwa nje.

Kabla hujapanda ndege

Mwaka wa masomo 2023/24 Marekani ilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya milioni 1.1, na vijana wetu wamo. Kama wewe au mwenzi wako mna ndoto hiyo, yakalieni haya pamoja:

Uliza bweni linafungwa lini. Likizo ya Novemba, ya Krismasi na ya kiangazi. Machi 2020, corona ilipoingia, vyuo vingi viliwataka wanafunzi watoke mabwenini kwa siku chache tu, na waliotoka mbali ndio waliohangaika zaidi. Uwe na jina la mtu mmoja nje ya bweni.

Usilipie nyumba usiyoiona. Matapeli wapo kila nchi. Kule hakuna dalali wa kukutembeza, kwa hiyo ulizia kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, au jumuiya ya Watanzania au Wakenya wa mji huo.

Jua unapanga nini. Nyumba nyingi zina jiko na friji lakini hazina kitanda, na nyingine sebuleni hakuna hata taa ya darini.

Usitegemee kibarua kulipa kodi. Mwenye F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Kwa mwenye F-2: hakuna kazi. Tangu 2015 anaruhusiwa kuchukua masomo kwa muda wa ziada, si wa kutwa. Kubalianeni mapema fedha yake ya mfukoni itatoka wapi bila kuombwa, na ulizeni kama majina yote mawili yanaweza kuingia kwenye mkataba.

Kanuni za viza hubadilika mara kwa mara. Kabla ya kulipa chochote, pata maelezo ya siku hiyo ubalozini.

Tulioana mwaka 2015, mwezi wa pili baada ya mimi kurudi. Yule dada alituma zawadi: kishuka cha kutandika kwenye kochi, na ujumbe kwamba nyumba yetu isikose nafasi ya mtu wa kubebwa. Kochi letu, msomaji wangu, huwa halikai muda mrefu bila mgeni. Na asubuhi tukimsalimia, tunasimama tusikie jibu.