Pipu (fedha)

Pipu ni kipimo kidogo kinachotumika katika soko la fedha za kigeni kuonyesha mabadiliko ya bei ya fedha moja ikilinganishwa na nyingine. Kwa jozi nyingi za fedha, pipu moja ni badiliko la 1 katika nafasi ya nne baada ya nukta ya desimali, yaani 0.0001. Neno hili limetoka katika lugha ya Kiingereza na halihusiani na pipi ya kumung'unya.

Pipu hupima mwendo wa bei tu. Peke yake haionyeshi ni pesa kiasi gani zimepatikana au kupotea.

Jinsi ya kuhesabu

Fedha huuzwa kwa jozi. Fedha ya kwanza ndiyo inayonunuliwa au kuuzwa, na ya pili hutaja bei yake. Kwa mfano, bei ya euro 1 ikitoka dola za Marekani 1.1000 hadi 1.1025, imepanda kwa pipu 25. Ikitoka 1.1000 hadi 1.0980, imeshuka kwa pipu 20.

Yeni ya Japani ina utaratibu wake. Kwa kuwa dola 1 hununua yeni nyingi, bei huandikwa kwa nafasi mbili za desimali na pipu moja ni 0.01. Bei ikitoka yeni 150.00 hadi 150.35, mwendo ni pipu 35.

Madalali wengi wa mtandaoni huongeza tarakimu moja mwishoni, ambayo ni sehemu ya kumi ya pipu. Hivyo mwendo kutoka 1.10250 hadi 1.10300 ni pipu 5, si 50. Kosa hili huwapata wengi wanaoanza.

Thamani ya pipu

Thamani ya pipu moja hupatikana kwa kuzidisha ukubwa wake kwa kiasi cha fedha kinachouzwa. Jibu huwa katika fedha ya pili ya jozi. Kiasi hicho hupimwa kwa loti. Kwa jozi ya euro na dola:

- loti kamili, euro 100,000: 0.0001 × 100,000 = dola 10
- loti ndogo, euro 10,000: dola 1
- loti ndogo kabisa, euro 1,000: senti 10 za dola

Kwa hiyo watu wawili wanaweza kupata pipu 30 zilezile, mmoja akavuna dola 300 na mwingine dola 3.

Shilingi na mpaka wa Horohoro

Hadi miaka ya 1960, Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, na msafiri kutoka Tanga kwenda Mombasa hakuhitaji kubadilisha fedha. Mwaka 1966 Tanzania ilianza kutoa shilingi yake, pamoja na sarafu za senti 5, 20 na 50. Kenya na Uganda nazo zilitoa fedha zao. Mwanzoni shilingi hizo zilikuwa na thamani sawa, lakini baadaye ziliachana.

Leo dola 1 ni zaidi ya shilingi 2,000 za Tanzania, kwa hiyo nafasi ya nne ya desimali haina maana kwa jozi hiyo. Mabadiliko hutajwa kwa shilingi na senti. Hata hivyo hesabu ni ileile: badiliko dogo huzidishwa kwa kiasi.

Tuchukue mfanyabiashara wa Maramba, wilayani Mkinga, aliyeuza machungwa upande wa Kenya na kurudi kupitia Horohoro na shilingi 50,000 za Kenya. Tuseme duka moja la kubadilisha fedha linanunua shilingi ya Kenya kwa 19.80 za Tanzania na jingine kwa 20.00. Tofauti ni senti 20, ambazo siku hizi hazinunui kitu. Lakini 0.20 × 50,000 ni shilingi 10,000.

Duka hilohilo likinunua kwa 20.00 huuza kwa bei ya juu kidogo, labda 20.40. Pengo kati ya bei hizo mbili ndilo pato la duka. Dalali wa mtandaoni naye hutoza pengo la namna hiyo, ila hulitaja kwa pipu. Kama pengo ni pipu 2, mnunuzi huanza akiwa nyuma kwa pipu 2.

Pipu na mkopo wa dalali

Madalali wengi huruhusu mteja kufanya biashara kwa kiasi kikubwa kuliko amana yake. Mtu aliyeweka dola 220 kwa uwiano wa 1 kwa 500 anaweza kushika loti kamili ya euro 100,000 bei ikiwa 1.1000. Bei ikishuka hadi 1.0978 amepoteza pipu 22, sawa na dola 220, yaani amana yote. Kumbe bei yenyewe imeshuka kwa 0.2% tu, mwendo ambao soko linaweza kuufanya ndani ya siku moja. Kwa kawaida dalali huifunga biashara hata kabla ya kufika hapo.

Kwa sababu hiyo, tangazo linaloahidi "pipu 100 kwa siku" halijasema lolote kuhusu faida mpaka litaje ukubwa wa loti, amana iliyowekwa na pipu zilizopotea katika biashara nyingine.