Sprinkla ndani ya depo: kabla ya kununua vichwa, hesabu maji

Usiku wa tarehe 13 Desemba 2018, depo ya CENI iliwaka moto kule Kinshasa. Karibu mashine 8,000 za kupigia kura ziliungua, na uchaguzi uliopangwa tarehe 23 ukasogezwa hadi tarehe 30. Sisi wa Kamina tuko na depo zetu pia. Mizigo inayoshuka kwenye gari la moshi toka Lubumbashi inalala chini ya mabati, imepangwa hadi juu. Ndiyo maana mtu anayejenga depo mpya anauliza: sprinkla inafaa?

Inafaa, kama maji iko.

Sprinkla ni kichwa kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye tiyo la maji, juu ya mizigo. Ndani kuko kichupa cha kioo chenye maji ya rangi. Joto likifika kiasi chake, kichupa kinapasuka na maji yanamwagika. Si kama kwenye filamu, ambako vyote vinafunguka mara moja: kinafunguka kile tu kilichopatwa na joto. Moshi peke yake haukifungui.

Rangi ni alama ya joto: nyekundu digrii 68, njano 79, kijani 93. Nyekundu ndiyo ya kawaida, lakini chini ya mabati yasiyo na dari, na jua hili la Oktoba, chagua njano ao kijani. Acha nusu mita wazi kati ya mizigo na kichwa; gunia likikaribia sana, maji hayatasambaa.

Sasa maji yenyewe. Kichwa cha kawaida, kwa msukumo wa bar 1, kinatoa karibu lita 80 kwa dakika. Pipa la lita 200 linaisha kwa dakika mbili na nusu! Vichwa viwili kwa nusu saa vinataka lita 4,800, na depo kubwa inataka zaidi. Tena tangi lazima liwe juu: mita 10 za kimo ndizo zinaleta bar 1. Kutegemea bomba la REGIDESO peke yake ni kubahatisha. Pompi ya umeme nayo inakufa umeme ukikatika; ya mazutu ni afadhali.

Kama gharama ya tangi inakushinda, usifunge vichwa vya mapambo. Nunua mitungi ya kuzimia moto, ufundishe walinzi kuitumia.

Aliyefunga sprinkla aangalie msukumo kila juma, na robine kubwa ibaki wazi, imefungwa mnyororo ili mtu asiizungushe. Usipake kichwa rangi, usitundike kitu juu yake. Kilichofunguka hakitumiki tena, kinabadilishwa. Vichwa vya akiba na ufunguo wake vikae karibu na robine, si ndani ya ofisi ambayo mwenye depo anaondoka na ufunguo wa mlango.