Semliki, Mto wa Rekodi

Wafanyabiashara wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, wanaoshuka Kasindi mpakani kuchukua mali huvuka daraja la Semliki kwa haraka, na siwalaumu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani karibu na mto huo ilishambuliwa, wakauawa askari wa Tanzania wasiopungua 14. Umoja wa Mataifa ulilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote yaliyowapata walinda amani wake katika miaka ya karibuni. Tunawaombea marehemu. Lakini mto huu una rekodi nyingine pia, na watoto wetu wana haki ya kuzijua.

Semliki hutoka Ziwa Edward pale Ishango, kusini kidogo ya ikweta, ukaivuka na kuelekea kaskazini hadi Ziwa Albert. Ndio mto pekee unaotoa maji ya Ziwa Edward. Karibu maji yote ya Kongo huishia Atlantiki, ila mvua inayomwagika upande wa mashariki wa milima ya Lubero na Butembo huingia Semliki, ikafika Nile, ikaenda hadi Misri. Ndiyo maana Kongo ina kiti kati ya nchi za Nile.

Hakuna bwawa lililouziba mto huu. Hata umeme wa mji wa Mutwanga hutoka kwenye Butahu, kijito chake kinachoshuka Ruwenzori. Semliki wenyewe hushuka karibu mita 300 kati ya maziwa yale mawili, na sehemu kubwa ya mteremko huo imo msituni, kwenye maporomoko. Ziwa Albert lina sangara, ambaye wengine humwita kapitene; Ziwa Edward halina sangara wa asili. Maji ni yaleyale, ila samaki yule hakuweza kuyapanda maporomoko.

Kwangu mimi, hakuna pahali penye rekodi nzito kama Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akapata kipande cha mfupa, urefu wake kama sentimeta 10, chenye kijiwe cheupe cha kwazi kwenye ncha moja. Kimechorwa mikato katika safu tatu. Katika safu moja kuna mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Wataalamu bado wanabishana: wako wanaoona hesabu, wako wanaoona kalenda ya mwezi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi, hivyo ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa duniani vinavyodhaniwa kuwa vya kuhesabia. Mfupa huo umehifadhiwa Brussels. Inaniuma kwamba mwanafunzi wa Beni lazima apate viza ili auone.

Si mbali na hapo, Katanda, kando ya mto huohuo, zilipatikana chusa za mfupa zenye meno, zilizotumika kuvulia kambale wakubwa. Zinakadiriwa kuwa na miaka kama 90,000. Ulaya, chusa za namna hiyo zilionekana makumi ya maelfu ya miaka baadaye.

Bonde la juu la mto limo ndani ya Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 30,000, na hapakuwa na pahali duniani palipowashinda kwa wingi. Vita na ujangili viliwapunguza hadi chini ya 1,000 katikati ya miaka ya 2000.

Na juu ya yote imesimama Ruwenzori. Kilele chake cha Margherita, mita 5,109, ndicho kirefu kuliko vyote Kongo na Uganda, cha tatu Afrika. Mwaka 1906 barafu yake ilifunika zaidi ya kilometa 6 za mraba. Kufikia mwaka 2003 haikutimia hata kilometa moja. Maji ya barafu hiyo, kwa upande wa Kongo na sehemu kubwa ya upande wa Uganda, hushukia Semliki.