Filamu na sura bandia ya mashambani

Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1998, Corinne Hofmann wa Uswisi anasimulia jinsi alivyomwona, ndani ya feri ya Likoni, mtu aliyekuja kuyabadilisha maisha yake. Kitabu hicho, Die weisse Massai, yaani Mmaasai Mweupe, kilitengenezewa filamu ya Kijerumani mwaka 2005. Lakini mtu yule hakuwa Mmaasai. Alikuwa Msamburu, na kijiji cha Barsaloi walikokwenda kuishi kiko Samburu, mamia ya kilomita kutoka kwenye feri hiyo. Mwandishi mwenyewe analijua hilo na hakulificha. Hata hivyo, jina la Wasamburu halikufika kwenye jalada wala kwenye bango la sinema, kwa kuwa, bila shaka, Mmaasai anauzika.

Huenda msomaji akauliza kosa liko wapi, maadamu Kisamburu na Kimaasai ni lahaja za Kimaa na watu hao ni ndugu. Jibu tunalo hapa hapa kwetu. Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyeanzisha kituo cha Rabai mwaka 1846, aliwaandika wenyeji wake kwa jina la Wanika, nalo ni lile jina la Wanyika walilopewa na majirani zao wa mjini, lenye maana ya watu wa porini. Mdigo wa Likoni, Mgiriama, Mduruma na Mrabai wote walitiwa katika kapu hilo moja. Iliwabidi wenyewe, katika karne ya 20, wajitafutie jina la Mijikenda ili lile la kwanza lifutike. Anayejua uchungu wa kuitwa Mnyika hawezi kusema kuwa jina ni jambo dogo.

Simlaumu mwigizaji. Aliyeigiza Msamburu katika filamu hiyo, Jacky Ido, ni mzaliwa wa Burkina Faso, na kazi ya mwigizaji ni kuwa mtu mwingine. Wala sidai kwamba filamu ni kitabu cha jiografia. Ninalolalamikia ni kwamba shamba linapotiwa katika filamu, aghalabu huondolewa wenyewe, kisha likajazwa wale ambao mtazamaji wa mbali amekwisha kuwazoea.

Tuchukue mfano wa Tsavo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilivuka maji ikaingia Changamwe, ikaendelea na nyika hadi mto Tsavo, ambako mwaka 1898 simba wawili waliwashambulia wajenzi kwa miezi kadhaa. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua wote wawili mwezi Desemba mwaka huo, na mwaka 1907 akatoa kitabu. Filamu ya Kimarekani ya mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, ilitokana na kisa hicho, lakini ilipigwa Afrika Kusini. Simba wake wana manyoya marefu shingoni, ilhali simba halisi, ambao mabaki yao yamo katika makumbusho ya Field mjini Chicago, hawakuwa nayo. Akabuniwa pia mwindaji wa Kimarekani aitwaye Remington, ambaye hakuwahi kuwako, naye akaja na mashujaa wa Kimaasai. Wamaasai tena! Mtaita na Mkamba, ambao nchi hiyo ni yao, wako wapi?

Hapa pana jambo zito kuliko manyoya ya simba. Patterson aliandika kwamba Wahindi 28 waliuawa, na kwamba Waafrika waliouawa walikuwa wengi lakini hawakuwekewa rekodi rasmi. Baadaye akadai idadi ya wote ni 135. Uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2009, uliopima mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria watu wapatao 35. Haidhuru ni idadi ipi iliyo sahihi, Waafrika waliokufa pale hawakuandikwa majina. Filamu ilikuwa na nafasi ya kuwakumbuka wafu hao. Badala yake ikamtukuza Mmarekani wa kubuni.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba dhambi hii ni ya wageni peke yao. Katika vichekesho vya televisheni zetu wenyewe, mtu wa mashambani hutambulishwa kwa lafudhi. Afunguapo kinywa, watazamaji hucheka kabla hajasema neno la maana. Mpwani wa humo husema polepole, hulala mchana, na huogopa majini. Kwa mtaalamu wa lugha, lafudhi ni athari ya lugha ya kwanza tu, wala haipimi akili. Lakini mwanafunzi anayekicheka Kiswahili cha Mmijikenda jioni hukataa asubuhi yake kusikika akizungumza Kigiriama na mamake mbele ya wenzake, na walimu wa Kisauni wanalijua hilo kuliko mimi.

Mwalimu anayefundisha isimujamii aweza kuwaonyesha wanafunzi wake dakika kumi za filamu yoyote ya mashambani, kisha awaulize maswali matatu: ni nani aliye na jina, ni nani anayezungumza, na anazungumza lugha gani? Wa Kisauni waanze na mchezo wenye mhusika Mgiriama. Wengi wao wana nyanya au babu huko Ganze au Kaloleni, ambao watawasahihishia majibu.